Jina la mama kwenye pesa za kaka

Arubaini ya mama ilikuwa imepita siku chache tu mdogo wangu aliponitumia sauti kutoka Lamu. Nilikuwa kituo cha basi hapa Leicester, Uingereza, natoka zamu ya usiku. "Dada, simu ya mama imelia. Zimeingia za kaka. Nizitoe?"

Kaka yetu ana mtindio wa ubongo. Ana miaka 34, haketi bila kushikiliwa wala hali bila kulishwa. Ameandikishwa Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wasiojiweza, kundi la wenye ulemavu mkubwa, wale wasioweza kuachwa peke yao usiku wala mchana. Stahili yake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa ni zake, lakini hana namna ya kuzipokea, kwa hiyo zilipitia kwa mlezi: kitambulisho cha mama, laini ya mama, nambari ya siri ya mama.

Mdogo wangu aliijua nambari hiyo, maana miguu ya mama ilipoanza kuvimba yeye ndiye aliyekuwa akishuka mtaa wa Langoni kumtolea. Na jamaa walimwambia atoe tu, ni haki ya nduguye. Nawaelewa, mgonjwa hangoji makaratasi. Lakini nilimwambia asiguse. Haki ya kaka iko palepale. Jina la maiti ndilo tusilokuwa na haki ya kulitumia. Ukaguzi ungekuja siku moja, mlezi aliyeandikwa yuko kaburini na pesa zinatolewa, na ambaye angeumia kwanza ni yule asiyeweza hata kujitetea kwa maneno.

Basi nikaanza kutuma pauni 30 kila mwezi ili kuziba pengo. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa nalibeba mimi. Nepi zilinunuliwa, uji ulipikwa, hakuna aliyehisi haraka ya kwenda kwa chifu. Miezi minne ikapita. Pesa zangu zilitulaza usingizi.

Kilichoniamsha ni kazi yangu. Namhudumia mzee mmoja hapa ambaye binti yake alikuwa akimlea, kisha binti akapata kazi mji mwingine na mtoto wa kiume akashika nafasi. Nilidhani malipo yote ya mzee yatakatika, kama ya kaka yalivyokwama. Hayakukatika, kwa sababu Uingereza posho ya ulemavu ni ya mwenye ulemavu mwenyewe, haifuati anayemlea. Mlezi ana posho yake kando, ambayo kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, kwa anayelea saa 35 au zaidi. Hiyo ndiyo inayosimama mlezi anapobadilika. Hawawezi kulipwa wawili kwa mtu mmoja: binti alitakiwa kutoa taarifa kwamba ameacha, na nduguye aombe upya kwa jina lake. Angekaa kimya, angedaiwa kila pauni aliyopokea baada ya kuondoka. Na kama mzee angekuwa hajiwezi kiakili, hapo kungekuwa na mtu mmoja aliyeidhinishwa kumshikia pesa, na mtu huyo naye akifariki, lazima mwingine aidhinishwe.

Nilipoliona hilo nikajua sisi tulikuwa tumekaa kimya.

Siku ileile nilimpigia mdogo wangu. Nikamwambia aanze na mzee wa mtaa, kisha chifu, kwa sababu hao wanaijua nyumba yetu na wanajua nani anamgeuza kaka usiku. Abebe cheti cha kifo cha mama, kitambulisho chake mwenyewe na cha mama, na karatasi za kaka. Barua ya chifu ikipatikana, aende kwa afisa wa maendeleo ya jamii kuomba jina la mlezi libadilishwe, na malipo yahamie kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake yeye, si la mumewe. Hili la mume nililirudia mara tatu. Mlezi ni yule anayelea.

Cheti cha kifo ndicho kilichotuchelewesha. Mama alizikwa kabla ya adhuhuri, kama ilivyo kwetu, na kile kibali cha mazishi, ambacho ndicho cha kuombea cheti, kilikuwa kimekunjwa ndani ya msahafu wake bila mtu kujua. Mdogo wangu alikipata akipangua sanduku. Nyinyi mlio na mgonjwa wa namna hii nyumbani, ulizeni leo karatasi zipo wapi, na mlezi akiolewa, akihama au akiugua, nendeni wiki hiyohiyo. Msingoje arubaini.

Chifu alikuja mwenyewe, maana kiti cha magurudumu hakipiti kwenye vile vidaraja vya uchochoroni kwetu. Aliketi dakani, kaka akaletwa mikononi, akaandika barua palepale. Sasa fomu imepelekwa, tunangoja.

Mama alikuwa akipokea malipo, humnunulia kaka halua kidogo na kumlainishia kwa kidole. Jana mdogo wangu alinionyesha kwenye video: kainunua kwa pesa zake, kakaa palepale alipokuwa akikaa mama, na kaka keshafungua kinywa kabla kidole hakijafika.