Kumbukumbu ya mradi: kagua-tar na simulizi za wazee wa mifongo

Januari

Kikundi chetu hapa Moshi kinakusanya simulizi za wazee kuhusu mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga inayochepusha maji ya mito ya Kilimanjaro na kuyashusha hadi migombani. Tuna sauti, video, picha za madaftari ya zamu za maji na michoro ya mikono. Baadhi ya waliosimulia wameshatutoka, kwa hiyo faili zikipotea hakuna wa kumrudia. Jukumu langu ni kuzifunga zote kwenye majalada ya tar, yaani faili moja inayobeba ndani yake faili nyingi, yatakayofunguka kwenye kompyuta yoyote, hata ambayo haijatengenezwa bado.

Msimamo ninaoanza nao ni huu: jalada haliwi salama kwa sababu tu programu iliyolifunga imeweza kulifungua. Anatakiwa shahidi wa nje, na shahidi huyo ni kiwango kilichoandikwa, yaani POSIX, maelezo rasmi ya jinsi mifumo ya kompyuta ya aina ya Unix inavyopaswa kufanya kazi. Kwa hiyo naandika kagua-tar, skripti inayosoma jalada baiti kwa baiti na kulipima kwa kiwango chenyewe. Inatumia sheli (programu inayopokea amri) na zana ndogo za dd, od na awk tu, za kukata, kuonyesha na kuchambua data, kwa kuwa zana hizo zimo ndani ya kiwango hichohicho na zipo kwenye kila mfumo wa aina ya Unix.

Februari

Nimemaliza sehemu ya kusoma vichwa. Kila faili ndani ya tar hutanguliwa na kichwa cha baiti 512. Jina lina nafasi ya baiti 100, na muundo wa ustar, yaani tar iliyowekwa kwenye kiwango, wa mwaka 1988 uliongeza baiti 155 za njia ya folda. Ukubwa wa faili huandikwa kwa tarakimu 11 za msingi wa nane, hivyo hauwezi kuzidi baiti 8,589,934,591. Namba ya ukaguzi ni jumla ya baiti zote za kichwa, ila zile nane za namba yenyewe huhesabiwa kana kwamba ni nafasi tupu. Kwa awk hiyo ni mistari michache. Mwisho wa jalada ni vipande viwili vya baiti 512 vyenye sifuri tupu. Jalada lililokatika katikati ya kunakiliwa hubainika hapo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: amri ya tar haimo kwenye POSIX. Ilikuja na Unix toleo la 7 mwaka 1979, ikavutana kwa miaka na cpio, zana nyingine ya kufunga majalada, na mwaka 1992 kiwango kikaleta amri ya pax isome na kuandika miundo yote miwili. Toleo la 2001 likaziacha tar na cpio kama amri, likabaki na pax, na likaongeza muundo mpya wa jina hilohilo unaoondoa mipaka ya zamani. Muundo huo ndio niliouchagua kwa majalada yetu.

Machi, mvua zimeanza

Mwezi huu wote umekwenda kwenye alama moja ndogo: ritifaa (') ya ng'.

Majina ya faili zetu ni ya Kiswahili, na wanaorekodi wanayaandika kama wanavyosema: «mfongo ng'ambo ya mto Karanga.wav», «zamu ya kunywesha ng'ombe.mp4». Sitaki kumwambia mtu abadilishe tahajia yake kwa sababu ya mashine. Lakini xargs, amri inayopokea orodha ya majina na kuyakabidhi kwa amri nyingine, ikipewa orodha hiyo bila tahadhari, huichukua alama hiyo kuwa mwanzo wa nukuu, huenda ikitafuta ya kufungia, na isipoiona hukataa kuendelea. Mbaya zaidi ni jina lenye ng' mbili: nukuu inafunguka na kufungwa, xargs inameza alama zote mbili kimyakimya, na jina linalotoka siyo la faili yoyote iliyopo.

Dawa inajulikana tangu zamani: find, amri inayotafuta faili, itenganishe majina kwa baiti ya sifuri kupitia -print0, na xargs ipokee kwa -0. Mifumo mingi ilikuwa nayo, lakini haikuwa ndani ya kiwango hadi toleo la 2024. Nilipoliona limeandikwa humo nilifurahi sana. Watunzaji wa POSIX, Austin Group, wanaounganisha IEEE, The Open Group na ISO, hufanya kazi hii kwa uvumilivu mkubwa, na mtu yeyote anaweza kuwapelekea kasoro aliyoiona. Mstari mmoja kama huo ukiingia, skripti iliyoandikwa Moshi haihitaji tena kuuliza iko kwenye mfumo gani.

Kisha kuna simu. Kibodi za simu nyingine huandika ng’ yenye alama iliyopinda, ambayo kwa UTF-8, njia ya kawaida ya kuandika herufi kwa baiti, ni baiti tatu badala ya moja. Muundo wa pax unalibeba jina kama hilo kwenye rekodi ya pembeni inayoanza na urefu wake: «22 path=ng’ambo.wav». Hesabu hiyo ni ya baiti, na inajumlisha tarakimu za urefu wenyewe, nafasi, na mstari mpya wa mwisho. Ukihesabu herufi utapata 20 na jalada zima litasomeka vibaya kuanzia hapo. Sasa kagua-tar inaweka LC_ALL=C, mpangilio unaoifanya ihesabu baiti badala ya herufi, kabla ya kuita awk, na hesabu zinakaa sawa.

Mei

Dada anayetusaidia kunakili mahojiano yuko Arusha na anatumia macOS. Majalada yake yalikuja na faili za ziada zinazoanza na «._», ambazo tar ya huko huzitumia kubeba sifa za ziada za faili. Nimemwomba aweke COPYFILE_DISABLE=1 kabla ya kufunga. Muundo wenyewe ulikuwa safi.

Kwa upande wangu, GNU tar, ile tar ya kawaida ya Linux, isipoelekezwa hutumia muundo wake: baada ya neno ustar huweka nafasi mbili tupu, na majina marefu huyapitisha kwa faili bandia ya @LongLink. Inafunguka karibu kila mahali leo, lakini haimo kwenye kiwango, na kagua-tar inaikataa. Tunafunga kwa --format=posix, bila mjadala. Video ndefu ya ukaguzi wa mfongo kuanzia banio, pale maji yanapochepushwa mtoni, hadi shambani inazidi ule mpaka wa tarakimu 11, na rekodi ya size ya pax imeibeba bila shida.

Sasa

Jalada la sauti limefunguka Linux, macOS na FreeBSD, na cksum (namba ya ukaguzi) ya kila faili imelingana kote. Kilichobaki ni vichwa vya aina ya g, vinavyobadilisha taarifa za faili zote zinazofuata. Kagua-tar bado inavitaja tu na kuviruka. Baada ya hapo nitaanza na picha za madaftari.