Siku moja jikoni: Agosti 10, sikukuu ya somo wetu

Mimi ni mpishi katika nyumba ya mafungo ya Kikatoliki hapa Mombasa, na bustani ya mboga nyuma ya jiko naitunza mimi pia. Wageni husifu kikanisa, husifu upepo, husifu mahubiri. Jikoni hawafiki. Wako wanaoamini kuwa mtu huingia kupika baada ya kukosa kazi nyingine. Kazi hii nimeisomea, naipenda, na ina watakatifu wake. Hii hapa siku moja, sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, somo wa wapishi, yaani mtakatifu msimamizi wao.

Saa kumi na moja alfajiri. Niko sokoni Kongowea. Malori ya viazi na vitunguu kutoka bara yanashushwa, wachukuzi wanapita wakipiga kelele wapishwe njia. Nazi nachagua mwenyewe, moja moja, naitikisa sikioni nisikie maji. Samaki ni ghali kwa kuwa ni msimu wa kusi, bahari imechafuka na wavuvi wenye vyombo vidogo hawaendi mbali. Nanunua changu wa kiasi, mengine yatatoka bustanini.

Saa moja. Chai, mahamri na mbaazi. Wageni wa ndani wamekula, vyombo vimeoshwa.

Saa mbili. Bustani. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, udongo ni haba, kila tuta limejazwa samadi ya mbuzi. Maji ya kisima yana chumvi. Mchicha na bamia huvumilia, lakini sukuma huungua ncha za majani, kwa hiyo nainyweshea maji niliyooshea mchele.

Hapa bustanini namwomba Mtakatifu Foka wa Sinope. Sinope ni mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, katika Uturuki ya leo. Foka alilima mboga, akalisha wapita njia na maskini. Masimulizi ya kale yasema kwamba wakati wa dhuluma dhidi ya Wakristo askari walitumwa kumwua, wakafika mlangoni pake bila kumjua, wakaomba malazi. Akawapikia, akawatandikia. Usiku akachimba kaburi lake mwenyewe, na asubuhi akawaambia kuwa mnayemtafuta ndiye mimi. Wakulima wengi wa bustani humtaja Fiakri, mmonaki wa Ireland wa karne ya 7 aliyelima karibu na Meaux huko Ufaransa, yule anayechorwa na sepetu mkononi. Namheshimu. Lakini Foka aliwapikia waliokuja kumwua, na mimi ni mpishi.

Tena Askofu Asteri wa Amasea alihubiri juu yake, akaeleza desturi ya mabaharia. Kila siku chomboni walimtengea Foka fungu la chakula, mmoja wao akalinunua, na fedha zilizokusanywa wakazigawia maskini walipofika bandarini. Sisi tunaoishi na bandari tungepaswa kuijua desturi hiyo. Jikoni kwangu inafuatwa hivi: kila siku ya wageni ipo sufuria moja ndogo ya pembeni, ya watu wa getini.

Saa nne. Kijana ninayemfundisha kazi yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nakamua kwa kifumbu. Tui bubu naliweka kando, la pili ndilo litakalopikia mchele. Akaniuliza, "Shangazi, mtu aliyechomwa moto anakuwaje somo wa wapishi?"

Nikamwambia kwamba watu humkumbuka Laurenti kwa chuma cha kuchomea, na kwamba aliwaambia watesi wamgeuze upande wa pili. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka habari hiyo. Mimi nakumbuka zaidi kazi yake. Alikuwa shemasi wa Papa Sisto wa Pili mjini Roma, mwaka 258, chini ya Kaisari Valeriani, na mali ya Kanisa ilikuwa chini yake. Alipoamriwa aikabidhi hazina, Mtakatifu Ambrosi aandika, alikusanya maskini na kusema hawa ndio hazina ya Kanisa. Kijana alinyamaza, akaendelea kukuna.

Saa saba. Wali tayari, samaki wa kupaka tayari, mchicha tayari. Kikundi kilichoagiza chakula cha mchana hakijafika.

Saa nane, bado. Napalia makaa juu ya mfuniko, napunguza ya chini, wali usishike ukoko wote. Simu haipokelewi. Mfereji nao umekauka, naagiza maji ya mtungi kwa mkokoteni. Saa tisa ndipo basi linaingia. Walioagiziwa chakula ni 40. Wanaoshuka ni 57, na kiongozi wao anafungua sufuria kabla hajanisalimu.

"Mama, tumetoka mbali. Wali na majani? Ugali uko wapi? Nyama iko wapi?"

"Shikamoo, baba. Karibuni. Chakula ni kile mlichokubali wiki jana."

Hakuitikia. Nikabandika maji ya ugali, mgongo unaniwaka, kijana anakatakata mchicha zaidi. Ndipo kiongozi akawaona akina mama wawili na watoto getini na sahani zao.

"Kwa hiyo chakula chetu kinagawiwa watu wa barabarani?"

"Baba, kile ni cha sufuria ile ndogo. Hakimo kwenye malipo yenu. Ni fungu la maskini."

"Watu wangu hawatoshi na wewe unagawa!"

Nilimwambia ugali unaiva, na kila mtu wake atakula. Kile cha getini hakirudi. Akasema atanishtaki kwa padri. Nikasema padri yuko ofisini, mlango wa pili kulia. Hakwenda. Alikula ugali, akaongeza mchuzi mara mbili.

Baadaye ni masufuria. Masizi, mchanga, jivu, kusugua. Misa ya jioni niliingia miguu imevimba, nikakaa nyuma. Kwenye sala za waamini padri aliwaombea wapishi wote, wa hoteli, wa vibanda, wa nyumbani, na mimi nikaitikia kwa sauti.

Usiku nikaloweka maharagwe ya kesho. Padri alipita kuniambia kikundi kingine kinakuja Ijumaa. Nimemwomba idadi kwa maandishi, na nusu ya malipo kabla sijakwenda Kongowea. Amekubali.