Kipandauso kwenye daftari la vipimo

Kipandauso changu, yaani maumivu makali ya kichwa yanayorudi mara kwa mara, kilianza na mwanga. Nilikuwa na miaka 22, natunga uzi kwenye cherehani pale Mwanjelwa, Mbeya, mara tundu la sindano likapotea. Nikapepesa macho. Upande wa kushoto ukatokea mstari unaometameta, umevunjikavunjika kama mshono wa zigizaga, ukazidi kupanuka mpaka nusu ya kitambaa nikawa siioni. Baada ya dakika kama 20 mstari ukaondoka, maumivu yakaingia: upande mmoja wa kichwa, yakigonga sawasawa na mapigo ya moyo. Harufu ya mafuta ya chipsi kwa jirani ikanitapisha. Nililala chini ya meza ya kukatia nguo, khanga usoni, hadi jioni.

Mama aliponiona alisema malaria. Kwetu kichwa kikiuma, cha kwanza malaria, cha pili taifodi. Nikapimwa, kipimo kikaonyesha sina, nikapewa mseto wa malaria hivyo hivyo. Mwaka ule nilimeza mseto mara tatu na vimelea havikuonekana hata mara moja. Shangazi akaja kutoka Tukuyu na mtu wa kunichanja chale kwenye panja. Simlaumu shangazi. Alihangaika kwa ajili yangu.

Maneno ya watu yaliniuma kuliko chale. Mwenye homa anaguswa, anaonekana ana joto. Mimi nilikuwa naonekana mzima, ila nimejifungia gizani. Mteja mmoja alikuja kuchukua sare za harusi zikiwa hazijaisha, akasema mbele ya wenzangu kwamba mabinti wa siku hizi wavivu. Nililia usiku ule, na kulia nako kukaongeza kichwa.

Basi nikaanza kujitibu. Duka la dawa lilikuwa hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu. Panadol mbili asubuhi, diklofenaki mchana, jioni tena. Mwanzoni nilipata nafuu. Kisha kichwa kilichokuwa kikija mara mbili kwa mwezi kikawa cha kila siku, kizito, kinanisubiri nikiamka.

Nilikuwa na miaka 24 nilipompata daktari aliyenisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza nameza vidonge vingapi. Aliuliza, "Dada, kwa mwezi, ni siku ngapi unameza dawa ya maumivu?" Sikujua. Akaniambia niandike. Nikageuza daftari langu la vipimo vya nguo za wateja, nikaanza kutoka nyuma: tarehe, saa, nilikula nini na saa ngapi, nililala saa ngapi, siku zangu za hedhi, dawa niliyomeza. Mwezi ulipoisha nilihesabu siku 19 za vidonge.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu mwenye kipandauso akimeza Panadol siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, dawa yenyewe inaweza kuanza kuzaa kichwa. Zile zilizochanganywa na kafeini hazihitaji hata siku 15; siku 10 zinatosha. Niliziacha zote chini ya uangalizi wake. Siku kumi za kwanza zilikuwa mbaya kuliko yote niliyowahi kupitia, nawaambia ukweli. Mama alinikalia kitandani na kitambaa cha maji baridi.

Kwa kuzuia, daktari alifikiria propranolo, lakini utotoni niliugua pumu, na dawa hiyo haiwafai wenye pumu. Nikapewa amitriptilini miligramu 10 usiku, baadaye 25. Mdomo ulikauka, asubuhi nilikuwa mzito, na wiki sita zilipita kabla sijaona tofauti. Wengi huacha hapo katikati wakidhani haifanyi kazi. Kwa siku ya shambulio nilipewa ibuprofeni miligramu 400 pamoja na dawa ya kichefuchefu. Nameza mapema, nikiwa nimekula, kwa sababu kipandauso kikishika tumbo nalo linazubaa, vidonge vinakaa tu humo. Sizidishi siku mbili kwa wiki.

Aliniuliza pia kuhusu uzazi wa mpango, jambo ambalo sikudhani lina uhusiano na kichwa. Nilikuwa natumia vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni. Kwa mwanamke anayeona mwanga kama ule wangu, vidonge hivyo vinaongeza hatari ya kiharusi. Nikabadilishiwa nikawekewa kijiti kisicho na estrojeni.

Daftari lilinionyesha na jingine. Mashambulio mengi yaliangukia Jumapili. Jumamosi nakesha kumalizia sare za watu, Jumapili naamka saa nne, chai nakunywa saa sita. Sasa naamka saa kumi na mbili na nusu kila siku, hata Jumapili, hata Julai baridi ikiwa kali, na kabla ya saa mbili nimeshakula. Kazi za kukesha nimezikataa. Nimepoteza wateja wawili wakubwa, na fedha yao naikumbuka.

Binti ninayemfundisha kushona naye ameanza kuugua kichwa. Nimempa daftari. Nimemwambia pia kwamba kichwa kikimjia ghafla kwa nguvu asizowahi kuzijua, au kikaja na homa na shingo kukakamaa, au mkono ukalegea, asiandike chochote, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Juni iliyopita kwenye daftari langu kuna alama tatu. Moja ni ya siku niliyoruka chai.