Kuchagua kompaila ya Fortran kwa mashine ya RISC-V

Programu yetu ya kukokotoa usambaaji wa joto iliandikwa kwa Fortran, lugha ya programu za hesabu za kisayansi, muda mrefu kabla sijaikuta, na ilikuwa haijawahi kuendeshwa nje ya prosesa za x86-64, zile za Intel na AMD. Nilipotakiwa kuihamishia kwenye mashine ya RISC-V, aina nyingine ya prosesa, swali la kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa) lilijibiwa nusu na mashine yenyewe: ifx, kompaila ya Intel, haitoi msimbo wa RISC-V, na XL Fortran ya IBM ni ya prosesa za POWER. Zilizobaki mkononi mwangu ni gfortran, iliyoingia katika toleo la 4.0 la GCC (mkusanyiko wa kompaila huria) mwaka 2005, na Flang ya LLVM, mradi mwingine wa kompaila huria.

Nilianza na gfortran, kwa kuwa GCC inapofika kwenye prosesa mpya, kwa kawaida Fortran nayo haichelewi. Programu ilikubali mara ya kwanza, lakini majibu yakaachana na yale ya zamani kuanzia tarakimu ya kumi na mbili, nami nikaishuku kompaila kwa siku mbili nzima (naiomba radhi). Kumbe RISC-V, kama zilivyo POWER na Arm ya biti 64, ina amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja, ambayo hukadiria tarakimu ya mwisho mara moja badala ya mbili. GCC huitumia amri hiyo bila kuombwa, ilhali x86-64 ya msingi haina. Nilipoweka chaguo la -ffp-contract=off, linaloizuia GCC kuitumia amri hiyo, majibu yalilingana.

Kasi ilinisumbua mahali pamoja tu. Msimbo uliomba namba zenye usahihi wa tarakimu 18 kupitia selected_real_kind, njia ya Fortran ya kuchagua aina ya namba; kwenye x86 gfortran hutoa namba ya biti 80 inayokokotolewa na prosesa, lakini kwenye RISC-V hutoa ya biti 128, ambayo hukokotolewa na maktaba, polepole mno. Hapo kubadili kompaila kusingesaidia.

Flang nimeibakiza kama shahidi wa pili, ijapokuwa faili zake za .mod, ambamo kompaila huhifadhi maelezo ya moduli (vipande vya msimbo vinavyotumiwa na vingine), hazisomeki na gfortran, hivyo kila maktaba yenye moduli hujengwa mara mbili. Usumbufu huo umekwisha kujilipa: majibu ya kompaila hizo mbili yalipopishana, nilikuta kigeu ambacho hakikuwahi kupewa thamani ya kuanzia, na ambacho chini ya gfortran kilikuwa kikiangukia sifuri kwa bahati tu.