Daftari la mahudhurio na maji ya bamvua

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, maneno huanza barazani: watoto wa Micheweni, huku kaskazini mwa Pemba, hawasomi. Kauli hiyo inaniuma. Mimi ndiye ninayeita majina asubuhi, na daftari langu la mahudhurio lina habari nyingine.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, na kwetu Pemba maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya kulima mwani. Mama anashuka pwani kufunga mbegu kwenye kamba, na binti yake wa kidato cha tatu anashuka naye, kwani peke yake hamalizi kabla maji hayajajaa. Saa nne hiyo hiyo mimi niko ubaoni na hisabati. Wasichana wale wale hukosekana siku tatu nne, wakirudi mada imeshapita. Na Kiingereza cha mtihani hawakisikii popote kijijini ila darasani. Msimu wa karafuu ni zamu ya wavulana. Wanalipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha walizochuma, na karafuu hazingoji.

Nilimuuliza mama mmoja kwa nini asimwache mtoto asome. "Mwalimu," akanambia, "sare yake na madaftari yake yametoka kwenye mwani huo huo."

Elimu Zanzibar ilitangazwa bure Septemba 1964, na bila ya hilo wengi wetu tusingekanyaga skuli. Lakini sare, nauli na chakula cha mchana bado ni vya mzazi. Umeme nao umetufikia tangu 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, ila kuna nyumba ambazo nguzo inapita mlangoni na ndani hamna taa ya kusomea.

Anayewaita wavivu na aje wakati wa kambi ya mitihani. Watoto hawa hawa wanalala skuli, wanakula wali na maharage waliyochanga wazee, na usiku tunawabembeleza wafunge vitabu.

Kikao cha kamati ya skuli kikifika nitaweka mezani kalenda ya bamvua. Nitaomba hisabati ya siku hizo ihamie alasiri, na kwa kuwa alasiri ni ya chuoni, watoto wanaposoma Kurani, nitakwenda kwanza kwa maalim wa chuo tukubaliane saa.