Dawa za Wazee Wawili

"Shangazi, nikichukua dawa za hawa wazee nakatwa pointi ngapi?"

Mtoto wa kaka yangu alikuwa anacheza This War of Mine, ule mchezo wa Poland wa 2014 unaokutia ndani ya mji uliozingirwa, kwa mfano wa Sarajevo ya 1992 hadi 1996. Nikamjibu kwamba hakatwi hata moja. Hakuniamini.

Nilipoucheza mimi, mgonjwa alikuwa Bruno, mpishi, mmoja wa raia unaowaongoza humo. Hali yake ilizidi kuwa mbaya na dawa zilishatuishia. Usiku nikamtuma mwenzake Pavle, kwa kuwa ana mbio, akaingia nyumba moja iliyokuwa kimya kabisa. Hamkuwa na askari wala majambazi humo, ila mzee na mkewe. Mzee akaanza kumfuata Pavle chumba hadi chumba, akimsihi asiwadhuru. Hakuwa na silaha. Hakuwa na cha kumzuilia mtu isipokuwa kule kuomba. Nikafungua kabati, dawa hizo hapo, nimebakiza kubonyeza tu. Mkono ukaganda juu ya kipanya huku saa inakwenda, maana Pavle lazima awe amerudi kabla hapajakucha. Mzee kasimama nyuma yake, bado anaomba.

Nilikuwa nimetoka kucheza Mass Effect, mchezo mwingine wa kompyuta, ambako uungwana huonyeshwa kwa buluu na ukatili kwa nyekundu, na kipimo kinakuambia umefika wapi. Hapa hapakuwa na kipimo chochote. Mzoea kuhesabiwa wema wake, asipohesabiwa, anaushika kwa nini hasa? Ndiyo maana nilifurahi sana serikali ya Poland ilipotangaza, mwaka 2020, kuuweka mchezo huu kwenye orodha ya hiari ya vitabu vya wanafunzi wa sekondari. Swali kama hili ni vizuri kijana alikute mapema, tena bila mtu wa kumsahihishia.

Nikafunga kabati, Pavle akarudi mikono mitupu. Bruno akafa. Mwenzao Katia akazama katika huzuni, nyumba nzima ikadorora, nayo haikudumu mikononi mwangu.

Ningekuwa pale tena, nadhani nisingezigusa dawa zile. Wale wazee walikuwa na haki ya kulala salama kwao. Lakini huruma yangu aliilipia Bruno, na Bruno sikumuuliza.