Siku niliyong'oa shokapu

Mwaka 2014 nilikuwa nakaa Makorora, nina baiskeli ya giya ya mtumba niliyoinunua kwa hela ya kudunduliza, na kilichonifanya niipende kuliko vyote ni ile shokapu ya mbele. Tanga mji tambarare, baiskeli ni kila nyumba, Phoenix zimejaa, sasa ukikatiza Ngamiani na kitu chenye shokapu lazima watu wageuke.

Basi ikaanza kugonga, ko ko ko kila shimo. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee, shikamoo, marahaba mwanangu, akasema bana breki ya mbele halafu sukuma usukani mbele nyuma. Nikasukuma, miguu yote ya shokapu inacheza kama jino linalotaka kutoka. Akafunua ile mipira ya kuzuia vumbi, kutu tupu, chumvi ya bahari hii haina huruma. Akaniambia humu ndani ni springi tu, hakuna mafuta ya kuituliza, inabonyea na kuruka inavyotaka yenyewe. "Shokapu nzuri ipo mwanangu, ila bei yake ndo baiskeli nzima. Hii ya bei chee unabeba chuma tu." Akanishauri niweke uma mgumu, yani ile miguu miwili ya chuma inayoshika tairi la mbele, isiyo na springi. Iliniuma sana, sifichi. Tukapima kwenye mizani ya muuza nyanya jirani, shokapu kilo mbili na nusu, uma wa chuma alionao pale kilo moja na kidogo.

Siku mbili silali vizuri nawaza. Nikarudi nikamwambia haya, weka wa Phoenix basi, rahisi. Akakataa katakata, shingo yake, lile bomba linaloingia kwenye fremu, ni inchi moja na fremu yangu inataka inchi moja na moja ya nane, halafu mfupi, baiskeli ingeinama mbele na usukani ungekuwa mwepesi mno, ukishuka mteremko unakuangusha. Ikabidi tutafute kwenye mitumba wiki nzima mpaka tukapata mrefu, uliotengenezwa kujaza urefu ule ule wa shokapu.

Jumamosi nikatoka na binamu yangu kwenda kwa bibi, kijijini Kigombe. Barabara ya Pangani enzi hizo vumbi na rasta, vile vituta vidogo vidogo vilivyofuatana, yani rasta haswaa. Baiskeli nyepesi, nikisimama kwenye pedeli nguvu yote inaenda kwenye tairi, hainywewi na springi, na usukani unanitii hata kwenye mchanga. Lakini mikono! Kabla hatujafika Tongoni vidole vimekufa ganzi, binamu na shokapu yake mpya yuko raha mustarehe, nikaona kabisa nimekosea.

Tukapumzika kivulini karibu na magofu, nikakumbuka fundi aliniambia nisijaze upepo kama jiwe. Nikatoa kidogo tairi la mbele mpaka kidole gumba kikawa kinabonyea. Jamani ilikuwa baiskeli nyingine. Rasta bado nazisikia ila hazinipigi tena mpaka kwenye meno, na tairi langu lilikuwa nene, kwenye jembamba nisingethubutu maana tyubu ingebanwa na ringi ikatoboka.

Bibi alinikanda viganja kwa mafuta ya nazi huku ananigombeza. Jumatatu nikampelekea fundi ile shokapu, kama springi zake zitamfaa mtu.